Siku Birika Lilipokosa Mtu

Nilikuwa nautaka uenyekiti, na sioni haya kusema. Watu wengi wakiutaka ukubwa husema wamesukumwa, wameombwa, wamelazimishwa na wenzao. Mimi hakuna aliyenisukuma. Niliutaka mwenyewe, kwa moyo wangu wote, na usiku nilipokuwa nashona sare za shule nilijikuta nikitunga hotuba ya kushukuru kura.

Chama chetu ni kidogo. Ni cha wanawake wa Tanga mjini, na kazi yetu ni kwenda majumbani kwa wazee walioangushwa na maradhi: tunawaogesha, tunawageuza wasipate vidonda, tunawalisha uji, tunawasikiliza wakiwasengenya wakwe zao. Tulianza na jirani mmoja aliyepooza pale Makorora, tukaenda kwa jirani wa jirani, hata ofisi ya mtaa ikatuambia hebu jisajilini mjulikane. Tukajisajili. Sasa tuna katiba, tuna muhuri, tuna wafadhili wawili watatu wa kutupa glovu na mashuka na nauli. Na tangu mwanzo tulikuwa na mwenyekiti mmoja tu, Bi Mkubwa.

Bi Mkubwa ni wa ukoo uliotoka Omani enzi za mababu, watu wa minazi na maduka. Nyumba yake ndiyo iliyokuwa ofisi yetu. Chumba alitoa yeye, viti alitoa yeye, na mashuka ya kwanza tuliyowatandikia wagonjwa aliyatoa kwenye kabati lake mwenyewe. Ukipiga chafya nyumbani kwake, kabla hujajipangusa pua chai ya tangawizi imeshafika. Nilimpenda na nampenda mpaka leo. Nasema mapema kwa sababu mtu akiisikia habari hii nusunusu atatafuta ndani yake mtu mbaya, na mtu mbaya hayumo.

Mimi ni fundi cherehani. Babu yangu aliletwa kutoka Songea kukata mkonge, manamba kama walivyoitwa vibarua wa mashamba zama hizo, na mimi nilizaliwa kambini upande wa Mwera kabla mama hajahamia mjini. Ni Mkatoliki, ni mweusi wa kung'aa, na sauti yangu mume wangu husema ingefaa kufukuzia ngedere. Kazi ya chama naijua. Zamu nilizipanga mimi. Magomvi niliyasuluhisha mimi, pamoja na yale niliyoyaanzisha mwenyewe. Kwa hiyo Bi Mkubwa alipotutangazia kwamba mwanawe anamwita akakae naye Maskati, na kwamba akishafunga Ramadhani ataondoka, nililia kwa huzuni ya kweli, na huku nalia nikaanza kuhesabu kura.

Hesabu haikuwa nzuri. Kila nilipogusa, jibu lilikuwa mpwa wake. Huyo ni binti wa kaka yake, kijana aliyesoma chuo kikuu, mpole, mzuri wa sura, ana miaka miwili tu chamani. Hakuwa amefanya baya lolote. Hakuwa hata amesema anautaka. Ila watu walikuwa wanamwona kitini tayari, kama vile kiti ni kanzu ya baba na inakwenda kwa mtoto.

Shoga yangu mkubwa chamani ni mtunza hazina, mama wa Kidigo mwenye ulimi mtamu na mkali kwa pamoja. Tulikuwa uani kwa Bi Mkubwa tunachagua mchele, nikamwuliza waziwazi.

"Kura yangu unayo," akasema, "na kama zingekuwa mbili ningekupa mbili. Lakini shoga, nyumba kubwa zitakupokea?"

Hapo alinigusa penyewe. Katika chama chetu, akitokea mgonjwa mpya, wa kwanza kubisha hodi ni mwenyekiti. Yeye ndiye anayeomba ruhusa ya kuingia mpaka chumba cha ndani, pale ambapo mama wa watu amelala hana hata ushungi kichwani. Na zile koo za zamani mjini hazimfungulii kila mtu chumba cha ndani.

"Bi Mkubwa akibisha wamwona mtu wa kwao," akaendelea. "Wewe ukibisha wataona..."

"Wataona nini?"

"Wataona mtu amekuja kuuliza kama kuna nguo za kufua."

Akacheka, nami nikacheka mpaka mchele ukanimwagika. Uani tulikuwa tunacheka sana. Na sisi wa uani tulikuwa na maneno yetu juu ya weupe wa wengine na ukoo wa wengine, maneno matamu ambayo siyaandiki hapa. Lakini usiku ule usingizi haukuja upesi.

Mambo yangebaki hivyo kama wafadhili wetu wa Dar es Salaam wasingetuletea mafunzo. Waliambiwa tunabadilisha uongozi, wakaona watusaidie, wakamtuma mwezeshaji, binti wa Kishambaa aliyekulia Dar, ana miwani mikubwa na mkoba uliojaa kalamu za rangi. Somo lake lilikuwa ni kuongoza bila kubagua rangi wala asili ya mtu. Tulimpokea kwa vigelegele. Tukakaa kwenye mikeka sebuleni kwa Bi Mkubwa, akatuuliza swali lake la kwanza: je, hapa chamani ubaguzi upo?

"Haupoo!" tukaitikia wote.

Nami niliitikia kwa sauti kuliko wote, nimesimama mlangoni, taulo begani, birika mkononi.

Nilikuwa nimelishika kwa sababu chakula kilikuwa karibu. Kwetu tunakula kwenye masinia, watu wanne watano sinia moja, na kabla ya kula mtu hupita na birika la maji ya vuguvugu na beseni, anamnawisha kila mmoja pale alipokaa. Tukishakula, hupita tena. Ndivyo ilivyo pwani yote, wala sikuwahi kuona ajabu.

Yule binti alitaka tule kwa vikundi vya mchanganyiko. Akatuhesabisha: moja, mbili, tatu, nne, na tena moja, mbili, tatu, nne. Kila mtu akaitaja namba yake kwa adabu kabisa. Masinia yalipotua, kila mtu akaenda kukaa na wale anaokaa nao siku zote. Jamaa za Bi Mkubwa sinia lao, Wadigo lao, Wabondei lao, na sisi wa kambini letu karibu na mlango wa uani, ili iwe rahisi kuinuka. Mwezeshaji akawa anazunguka na karatasi yake akiuliza, "Kundi la tatu liko wapi? Mama, wewe si namba tatu?" Yule mama akamjibu, "Namba tatu ndiyo, mwanangu, lakini pilau ni hapa."

Nilicheka nikamwagia mtu maji. Nikaendelea kunawisha hadi nikamfikia mwezeshaji mwenyewe. Badala ya kutoa mikono, akainuka.

"Shikamoo mama. Hebu nipe mimi."

"Marahaba. Kaa, wewe ni mgeni."

"Na hawa nao ni wageni?" akauliza, macho yakizunguka sebule nzima.

Hakuuliza kwa ubaya. Kwao mdogo ndiye anayemnawisha mkubwa, akaona mama wa umri wangu ameinama mbele ya wasichana, akadhani labda kuna sababu. Nikamwambia kaa, mwanangu, chakula kinapoa. Akakaa.

Nilimkasirikia wiki nzima. Nilimsema kwa mume wangu, nilimsema kwa cherehani, nilimsema kwa mteja aliyekuja kupunguza sketi. Mtoto mdogo, anakuja na kalamu zake, anajua nini! Kumbe hasira ilikuwa imekosa mlango tu. Maana nikikanyaga ile cherehani nilikuwa nawapitisha kichwani watu waliowahi kulishika birika lile tangu chama kianze, na walikuwa watatu: mimi, na mwenzangu mmoja Muha, na mmoja Mmakonde. Wote watoto wa kambini. Wote tumeshapata wajukuu. Pwani nako ni vilevile, mdogo humnawisha mkubwa. Hata mtoto wa madrasa anajua. Ila hapa kwetu sheria ya umri ilikuwa imekaa kando kwa adabu, ikaipisha nyingine isiyotajwa. Hakuna mkutano ulioamua. Hakuna aliyetuambia. Ilitokea tu, kama njia inavyotokea kwenye majani watu wakipita palepale.

Na hapo nikaelewa kwa nini hesabu yangu ya kura haikai. Watu walikuwa hawanichukii hata kidogo. Walikuwa hawawezi tu kuniwazia kitini, kwa sababu kila wakiniwazia wananiona nimeinama.

"Basi usilishike," akasema mume wangu, anayekula kimya na kusema mara moja moja.

"Wasipopata wa kuwanawisha je?"

"Watu wazima hao. Watajua wenyewe."

Siku ya uchaguzi nilivaa gauni langu la Pasaka na kanga mpya juu. Bi Mkubwa ana kanuni yake kwamba watu wasipige kura na njaa, kwa hiyo chakula kilitangulia. Pilau ya mbuzi, kachumbari, ndizi mbivu, na papa wa kupaka. Masinia yakatua, mvuke unapanda. Birika lilikuwa mahali pake, juu ya kigoda karibu na mlango wa uani, limejazwa, taulo limekunjwa juu yake.

Nikakaa. Nikakunja miguu, nikaweka mikono mapajani, nikatazama saa ya ukutani kama mtu anayesubiri basi.

Kwanza hakuna aliyegundua. Wakaendelea kuzungumza, habari za harusi, habari za bei ya vitunguu. Kisha mazungumzo yakapungua. Watu wakaanza kutazamana mikono. Mwenzangu Mmakonde akanitupia jicho, akaona sina habari, akaanza kujiinua yeye. Nikamshika ncha ya kanga chini kwa chini, akarudi mkekani. Mwenzangu Muha yeye hakuhitaji kushikwa. Alikuwa amebana midomo asicheke.

Watu hudhani mwenye sauti kubwa haogopi. Niliogopa nitaonekana mwenye kiburi, niliogopa nitampa Bi Mkubwa aibu nyumbani kwake, na zaidi ya yote niliogopa kwamba mmoja wao atasema kwa upole kabisa, "Shoga, vipi leo, huoni tunakusubiri?" na mimi nitainuka.

"Mbona hatunawi?" akauliza Bi Mkubwa kutoka kwenye kiti chake. Magoti hayamruhusu kukaa mkekani.

Nikaona lazima niseme, na sauti ikatoka ndogo, si yangu.

"Twasubiri mdogo atunawishe, Bi Mkubwa. Si ndiyo desturi?"

"Ndiyo desturi," akasema. "Mdogo ni nani?"

Loo! Hapo ndipo sebule iliposhikwa na moto. Maana hawa ni wanawake ambao miaka yote wanaficha umri. Mtunza hazina wetu, ambaye kila sikukuu ya kuzaliwa anatimiza arubaini, akawa wa kwanza kupaza sauti: "Mimi sitajwi hapo, mimi n'na hamsini na nne!" Mwingine akadai alishaolewa wakati wa vita vya Idi Amin, jambo ambalo lingemfanya aolewe akiwa ananyonya. Dada mmoja aliyekuwa akijiita kijana wa chama akakumbuka ghafla kwamba ana presha na mgongo. Kila mtu akazeeka mbele ya macho yetu. Mwezeshaji alikuwa amekuja kushuhudia uchaguzi, akavua miwani kuyafuta machozi ya kucheka, na mimi mwenyewe nilikuwa nimeinamia mkeka, mbavu zinaniuma.

Kicheko kilipotulia, macho yote yalikuwa yametua kwa mpwa wa Bi Mkubwa. Hakuwa na pa kukimbilia; hajafika thelathini na anajulikana siku aliyozaliwa. Akainuka mwekundu uso mzima. Akaliendea birika. Na alipofika pale kwenye kigoda akageuka akanitazama, nikaona macho yake yamebadilika, nikajua na yeye amewapitisha watu kichwani.

"Nianzie wapi, mama?" akaniuliza.

"Anzia kwa mkubwa."

Akaanzia kwa shangazi yake. Masikini, hajui kunawisha. Anaweka beseni mbali, anamimina maji kwa nguvu, wa kwanza akalowa gauni, wa pili akapiga kelele, na watu wakaanza kumfundisha kutoka kila pembe: "Inua mkono! Taratibu! Taulo, we mtoto, taulo!" Aliponifikia mimi alikuwa ameshajua kidogo. Maji yalikuwa ya vuguvugu. Sikumbuki mara ya mwisho kunawishwa na mtu katika nyumba ile, kwa sababu nadhani haikuwepo.

Bi Mkubwa alikuwa ananitazama tangu pale. Akaniita kwa kidole, nikaenda kuinama karibu na kiti chake. Akasema polepole, wengine wasisikie:

"Mwanangu, miaka yote hii, mbona hukusema?"

"Sikuwa na la kusema, Bi Mkubwa. Nilikuwa nanawisha tu."

"Mimi nilidhani wapenda."

Iliniuma, na iliniuma zaidi kwa sababu alikuwa mkweli. Alidhani hivyo hasa, mama huyu anayejua nani chamani hali pilipili na nani ana kidonda cha tumbo. Akanishika mkono wangu uliolowa akaukausha kwa mtandio wake. Kisha akaniambia nikale, pilau inaganda.

Baada ya kula tukapiga kura. Nisiseme uongo kwamba nyumba nzima ilinyoosha mikono. Mpwa naye aligombea, na alizungumza vizuri kuliko mimi. Mama mmoja alisema wazi kwamba chama kilichoanzishwa nyumba hii kisitoke ukoo huu, na baada ya matokeo alikwenda zake bila kuniaga, na mpaka leo tunasalimiana kwa mbali. Lakini nilishinda. Si kwa wingi wa kutisha, nilishinda wa kutosha. Hotuba yangu niliyoitunga usiku mwingi ilinipotea yote, nikasema ahsanteni na kwamba kuanzia sasa birika litashikwa kwa zamu, na zamu nitapanga mimi. Mpwa akachaguliwa katibu. Alinuna siku mbili tatu, kisha akaja dukani kwangu na daftari jipya tukaanza kazi.

Lakini uenyekiti wenyewe ulikuwa haujaanza. Nilijua, na shoga yangu mtunza hazina alijua, ila safari hii alikuwa na adabu ya kunyamaza. Nyumba kubwa ilikuwa bado.

Ikaja. Bi Mkubwa alikuwa ameshaondoka. Tukapata habari ya bibi mmoja kule mitaa ya zamani mjini, wa ukoo unaojulikana, kavunjika nyonga na halali kwa maumivu. Nikajifunga kanga vizuri, nikamchukua katibu, tukaenda. Njiani nilimwambia akae nyuma yangu. Akakaa nyuma yangu. Mlango ulikuwa ule wa mbao nene wenye pete ya shaba. Nikabisha hodi, na sauti, namshukuru Mungu, siku hiyo ilikuwa yangu yote.

Akafungua binti wa nyumba, mtu mzima wa rika langu. Macho yakapita juu ya bega langu yakaenda kumsalimu katibu. "Karibu, mwenyekiti."

"Mimi ni katibu, dada," akasema yule mtoto. "Mwenyekiti ni huyu."

Binti wa nyumba akanitazama. Hakuwa na jeuri. Alitabasamu hata, lakini mkono aliuacha pale pale kwenye ubao wa mlango. "Mama amelala," akasema. "Labda mje siku nyingine."

"Nani asema nimelala?" Sauti ikatoka ndani, nyembamba lakini kali. "Usiku kucha sikulala, n'lale saa hizi? Nani hao?"

Nikatoa shikamoo yangu kutoka pale pale kizingitini. "Ni mwenyekiti wa chama cha wagonjwa, bibi."

"Marahaba. Mtoto wa nani?"

Ndilo swali la mji wetu, na kila mtu anajua linatafuta nini. Ningeweza kulizunguka. Ningeweza kusema ni wa Makorora, au kwamba Bi Mkubwa ndiye aliyenituma. Nilihisi pumzi ya katibu nyuma ya shingo yangu, ananiachia mwenyewe.

"Wa watu wa kambini, bibi. Babu yangu alikuwa manamba, alikata mkonge."

Binti wa nyumba akaangalia chini.

"Simjui," akasema bibi.

"Hutamjua, bibi."

"Basi njoo karibu uniambie nimjue. Na wewe hapo mlangoni, mpishe mgeni. Mgongo waniuma, nanyi mwanigeuza kama mwageuza chapati."

Mkono ukatoka mlangoni. Nikavua viatu, nikapita.